Fangasi na Majirani Zake

Neema, ambaye sasa ndiye anayekalia kiti changu pale maabara, aliniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Nilimwambia sijasahau kitu. Akajibu kwamba ndiyo maana ananiomba sasa. Basi naandika kwa ajili yake na wenzake, na kwa yeyote atakayekaa mbele ya hadubini katika mkoa huu wa Singida akajiuliza kama anachokiona ni ugonjwa au ni vumbi. Mara nyingi ni vumbi. Huku upepo haupumziki, na dirisha la maabara niliyoanzia kazi lilikuwa halifungi. Vyeo na mishahara naviruka, kwa sababu vyote viwili ni vifupi na havitajaza ukurasa.

Nilianzia Mitundu, upande wa Itigi, kwenye kituo cha afya. Siku ya kwanza nilifika nimevaa tai. Aliyenipokea alikuwa Mzee Msengi, fundi wa maabara wa pale, Mnyiramba wa Kinyangiri, mtu mfupi mwenye sauti ndogo kama ya mtu anayeongea msibani. Aliitazama ile tai kwa muda, kisha akasema, "Hiyo itaingia kwenye kinyesi." Iliingia kabla ya chakula cha mchana. Sikuvaa tai tena kazini mpaka siku ya kuagwa, na hata siku hiyo niliichomeka ndani ya shati.

Hadubini yetu haikuwa na taa. Chini yake kulikuwa na kioo kidogo, na kazi ya kioo hicho ilikuwa kulivizia jua. Likipita wingu, malaria ilisubiri. Vyombo tulivichemsha kwenye sufuria ya presha, ile ya kupikia maharage, na wauguzi wapya walipoona mvuke walikuja kuuliza kama maharage yameiva. Pale Mitundu ndipo nilipoanza kuitwa daktari. Mwanzoni nilikuwa nakanusha, naeleza kwamba mimi ni mtu wa maabara. Mgonjwa ananisikiliza kwa adabu mpaka namaliza, halafu ananiambia, "Sawa, daktari." Nikaacha kukanusha, nikahifadhi nguvu zangu kwa mambo yanayowezekana.

Mzee Msengi hakuwa mtu wa mihadhara. Asubuhi moja tulikuwa tunachota maji bombani, na mama mmoja akaniuliza kwa upole kabisa kama jirani yake aliyepima jana amekutwa salama. Jibu la jirani lilikuwa zuri, na mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mzee Msengi akanipa ndoo yake nishike, kwa hiyo nikaufunga. Tulipofika maabara akaniambia, "Hango, ukianza kutangaza majibu mazuri, siku utakaponyamaza watu watajua." Hakulirudia neno hilo tena, na mimi nalirudia hapa kwa sababu litahitajika mbele.

Baada ya miaka kadhaa tulihamishiwa wote wawili hospitali moja ya mjini Singida, ambayo siitaji jina kwa kuwa bado ina watu wanaonidai chai. Huko ndiko nilikojifunza kuotesha vijidudu. Unachukua kijiti cha pamba kilichopakwa usaha au ukoga wa mgonjwa, unakipitisha juu ya sahani ndogo yenye chakula kizito kama uji ulioganda, unaiweka kwenye kabati la joto, na kesho yake vimeota vidoadoa. Vingine huota vizuri vikipungukiwa hewa, kwa hiyo tulikuwa tunaweka sahani ndani ya mtungi pamoja na mshumaa unaowaka, tunafunga mfuniko, mshumaa unakula hewa mpaka unajizima. Wageni walidhani tunafanya mambo mengine.

Chakula kizuri zaidi cha vijidudu kinataka damu ya kondoo. Tulikuwa na kondoo nyuma ya maabara, na jina lake lilikuwa Mtumishi, kwa sababu alikula kwa bajeti ya serikali na kutoa damu. Kila Idi ilipokaribia, karani wa stoo alipita kumwangalia Mtumishi na kutuuliza kama hajazeeka. Mzee Msengi alijibu kila mwaka kwamba bado ana nguvu ya kazi. Kondoo huyo alipokufa kwa uzee wake mwenyewe nilihuzunika kuliko nilivyotegemea, na sioni aibu kuliandika.

Kwenye sahani hizo Mzee Msengi alinifundisha sheria yake kuu. Kinywani, kwenye kidonda, kwenye mkojo, vijidudu huja vimechanganyika. Kazi yako ni kuvitenganisha. Unachagua kidoa kimoja, unakiotesha peke yake kwenye sahani safi, ndipo unakiuliza wewe ni nani na dawa gani inakuua. "Mdudu anahojiwa akiwa peke yake," alisema, "kama shahidi." Wale wengine waliokuwa naye tunaandika kwamba ni wakaazi wa kawaida, tunawachoma. Nilifanya hivyo kwa miaka mingi na nilikuwa hodari. Mzee Msengi alistaafu akarudi kwao Kinyangiri kufuga, nami nikaifundisha sheria hiyo kwa kila aliyenifuata, Neema akiwa wa mwisho.

Hapo ndipo alipotokea Bi Salha. Jina hilo si lake. Amenikubalia niandike habari zake kwa sharti kwamba jina jipya achague yeye, na alikataa mawili niliyompendekeza akisema ni ya kizee.

Bi Salha ni mjane, ana mgahawa karibu na soko, na kwa mtu aliyewahi kula kuku wa kienyeji wa Singida ndani ya wali wa nazi sina haja ya kuueleza. Alikuja kwetu na utando mweupe ulimini na ndani ya mashavu, kama maziwa yaliyokatika. Kinywa kinawaka moto, hali chakula, amekonda. Nilipomulika kwa tochi niliona ulimi mweupe, ufizi wa waridi, meno ya kahawia kama yetu sote. Nikapaka kijiti ulimini. Kilichoota kilikuwa fangasi anayeitwa kandida, binamu wa mbali wa hamira ya maandazi.

Kandida nimjuavyo mimi si jambazi. Anaishi vinywani mwa watu wengi tu, nikiwemo mimi, na hana neno. Ni mnyemelezi, anangoja mwili uchoke ndipo ainuke. Kwa hiyo akionekana ameinuka kwa mtu mzima, kila mtu hospitalini anawaza jambo moja, na kila mtu sokoni analiwaza pia, ila wa sokoni wanalisema. Bi Salha alipimwa virusi, akakutwa hana. Akapimwa sukari, iko sawa. Akapewa dawa ya maji ya fangasi, asukutue na kumeza. Utando ukatoka. Akamaliza chupa, ukarudi. Akapimwa tena virusi, hana. Akapewa chupa nyingine. Mtaani mtu mmoja akampa vidonge vya bakteria vilivyobaki nyumbani kwake, navyo vikauchochea zaidi. Safari hiyo utando ulikuwa umefika kooni.

Wateja walishaanza kupungua. Mpishi anayeongea na mteja akiwa na ulimi mweupe hahitaji tangazo. Wa kwanza kuondoka walikuwa madereva wa malori ya vitunguu, wakafuata watu wa benki, wakabaki wanafunzi wawili waliokuwa wanakula kwa mkopo.

"Lile jiko ndilo aliloniachia marehemu mume wangu," aliniambia siku aliyorudi mara nyingine kutoa sampuli. "Moto wake ukizimika, mie nabaki na nini? Nambie, daktari. Kama naficha ugonjwa, nambie mimi mwenyewe kwanza, maana watu washajua."

Nilimwambia hana ugonjwa wanaousema. Alitikisa kichwa kama mtu anayefarijiwa. Nikaona kwamba naye ameshaanza kuwaamini watu wa sokoni kuliko karatasi zetu.

Jambo lililoniudhi ni kwamba fangasi wake, nikimtenga, alikuwa mpole kupita kiasi. Alikaa kwenye sahani yangu kwa adabu, vidoa vya mviringo, laini. Nikatoboa shimo katikati ya chakula, nikadondosha dawa ileile aliyokuwa anatumia Bi Salha. Kesho yake kulizunguka shimo lile palikuwa wazi, hakuna kilichoota. Dawa inamuua bila kelele. Nikarudia na sampuli nyingine, ikawa vilevile. Shahidi anayehojiwa peke yake alikuwa anakiri kila kitu, halafu akirudi nyumbani anafanya yake. Nilikasirika, nikaosha slaidi zote za maabara ambazo tayari zilikuwa safi. Neema alikaa mbali na mimi siku hiyo, akafanya vizuri.

Nilimwita Bi Salha tena, na safari hii nilimkalisha nikamuuliza maswali ya kila kitu, anakula nini, anasukutua vipi, maji anachota wapi. Alikuwa akiongea nami Kiswahili chake kizuri, na sijui kwa nini sikuwahi kukisikiliza kabla ya hapo.

"Mama, wewe mtu wa wapi?"

"Pangani, mwanangu. Huku nililetwa na ndoa."

"Ulikuja ukiwa mdogo?"

"Mdogo wapi. Mwari mzima, nishatimiza akili zangu. Nilitupwa kwenye basi na masanduku yangu mawili, nikashuka huku kwenye upepo."

Nikaangalia meno yake, nikaangalia mikono yangu, nikaangalia tena meno yake.

Wasiotujua wanadhani watu wa Singida hatupigi mswaki. Maji ya visima vyetu vingi yana madini yanayolipaka jino rangi wakati bado linajijenga ndani ya ufizi wa mtoto. Likiota, limeota hivyo, na mswaki wa aina yoyote hauna la kufanya. Lakini mtu akija huku akiwa mkubwa, meno yake yameshamaliza kujengwa, na hata akikinywa kisima kizima hayabadiliki. Wauguzi wetu wanaotoka Tanga na Kilimanjaro wanastaafu hapa na meno yao meupe. Bi Salha alikulia Pangani, na meno yake ya chini yalikuwa na umanjano wa chai na uzee tu, lakini ya juu yalikuwa ya kahawia kuliko yangu mimi niliyezaliwa kando ya kisima cha chumvi.

"Samahani mama," nikamwambia, "hayo meno ni yako?"

"Ni yangu," akasema. "Nimeyalipia."

Kisha akanieleza. Miaka mingi iliyopita aliteleza kwenye ngazi za stoo yao na beseni kichwani, akapoteza meno ya juu. Mume wake akampeleka kwa fundi wa meno ya bandia hapa mjini. Fundi akamwonyesha meupe, mazuri. Bi Salha akayakataa. Mume wake alikuwa mtu wa huku, meno ya kahawia, na katika picha zao zote alikuwa amefunga mdomo kwa sababu ya kukaa karibu na mke mwenye meno meupe ya pwani. Akamwambia fundi ampe ya rangi ya mume wake. Fundi alidhani anataniwa, lakini akayatengeneza, akayapaka mistari ya kahawia moja moja akimwangalia mume aliyekaa pembeni amefungua mdomo.

"Picha tuliyopiga wiki ile," Bi Salha alisema, "ndiyo ya kwanza amecheka. Ndiyo iliyopo ukutani."

Nilimuuliza kama huyatoa wakati wa kulala. Akaniambia alikuwa akiyatoa zamani. Tangu mume wake alipofariki hajayatoa hata usiku mmoja. Akipiga mswaki huyapigia humohumo.

Nilimwomba ayatoe niyaone. Akataka nigeuke. Nikageukia ukutani nikasoma tangazo la kunawa mikono, ambalo nililibandika mwenyewe, na nikagundua kwamba lina kosa la herufi. Aliponiruhusu kugeuka alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya mtandio, na meno yalikuwa kwenye bakuli langu la chuma. Nilipomulika paa la kinywa chake, mahali ambapo plastiki ilikuwa imelala miaka yote, lilikuwa jekundu kama nyanya iliyomenywa. Upande wa juu wa plastiki hiyo, ule unaogusa nyama, ulikuwa na ukoga mnene uliovutika kwenye kijiti changu kama mlenda.

Nilipaka ukoga huo kwenye slaidi, nikatia rangi, nikaweka chini ya hadubini. Neema, nakuandikia wewe hasa hapa, kwa sababu ulikuwepo na ulisema, "Mzee, hii imechanganyika, tuombe nyingine?" Ndiyo, ilikuwa imechanganyika. Yule fangasi wangu mpole wa mviringo hakuwa mviringo tena. Alikuwa ameota nyuzi ndefu zilizosokotana, na juu ya nyuzi hizo bakteria wamejipanga mistari kwa mistari kama shanga, wote wamezama ndani ya ute mmoja. Sijawahi kuona kijiji kilichopangwa vizuri namna ile katika wilaya yoyote ya mkoa huu. Nilikuita uangalie, ukaangalia kwa muda mrefu, ukaniuliza ni yupi sasa tumtenge. Nikakwambia leo hatutengi mtu.

Nilikwenda kwa Daktari Upendo, aliyekuwa akimtibu Bi Salha, nikamweleza. Ni daktari mzuri, mzaliwa wa Nduguti, mwenye meno kama yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Mzee Hango, mimi nimekiangalia kinywa cha yule mama mara ngapi sijui."

"Hata mimi."

"Tukaona mtu wa kwetu."

"Tukaona mtu wa kwetu," nikakubali. Angekuwa na meno meupe kama karatasi, hata mlinzi wa getini angemuuliza kama ni ya bandia. Fundi wa meno aliifanya kazi yake vizuri kupita uwezo wetu wa kutibu.

Sasa nieleze nilichokifanya baada ya hapo, ambacho si utafiti, ni ubishi tu. Nilitaka kujua kama fangasi yule anabadilika kweli akiwa na wenzake, au mimi nimeanza kuzeeka. Nikaenda kwa yule fundi wa meno, bado yupo, nikamwomba vipande vya plastiki ya waridi vinavyobaki akikata. Nikavichemsha, nikavitumbukiza kwenye supu ya kuoteshea. Chombo kimoja nikaweka fangasi wa Bi Salha peke yake, kingine bakteria wake peke yao, cha tatu nikawaweka pamoja kama walivyozoea. Baada ya siku kadhaa nikavisuuza vipande, nikavipaka ile rangi ya zambarau tunayotumia kila siku kwenye slaidi, ambayo hushika mahali penye utando. Cha fangasi peke yake kilishika rangi hafifu. Cha bakteria, hafifu vilevile. Kile cha wote kiliiva kama biringanya. Nikavifanya vingine, nikavimwagia dawa ya Bi Salha, kisha nikavihamishia kwenye chakula kipya. Yule wa peke yake alikaribia kutoweka. Yule aliyekuwa na majirani aliota kama hakuna kilichotokea.

Baadaye nilisoma nikaona wenye mashine kubwa walishalijua jambo hili. Ndani ya utando wa pamoja kila mmoja ana kazi. Fangasi hutoa nyuzi, ndizo nguzo, bakteria hupanda juu yake na kujificha. Bakteria nao hula hewa na sukari na kumwaga tindikali, wakitengeneza mazingira yanayomwambia fangasi aote nyuzi zaidi, na nyuzi hizo ndizo zinazotoboa nyama ya mtu. Ute unaizuia dawa isifike chini. Yule yule ambaye akiwa peke yake ni mpole, akiwekwa kwenye mtaa fulani anakuwa mkali. Lakini msichukulie kwamba kila jirani ni mchochezi. Wapo bakteria kinywani wanaomzuia fangasi asipande, na ndiyo maana vile vidonge alivyopewa Bi Salha mtaani vilimfungulia njia. Ukitaka kujua ukali wake, muulize anaishi na nani. Sheria ya Mzee Msengi bado ni sahihi, na msiiache. Ila mkishamhoji shahidi peke yake, mrudisheni pia nyumbani kwake mkaone anavyokaa.

Bi Salha nilimweleza haya kwa maneno mepesi zaidi. Alisikiliza kwa makini, meno yakiwa mdomoni, kwa sababu alikataa kuzungumza bila hayo.

"Kwa hiyo nikiyatoa usiku, hao majirani wanahama?"

"Hawahami wote, mama. Ila hawajengi."

Daktari Upendo alimpa masharti. Ayatoe kila anapolala, ayasugue kwa brashi pande zote, ayaloweke kwenye dawa mpaka asubuhi, na dawa ya fangasi aipake kinywani na kwenye plastiki yenyewe. Zaidi ya yote, meno yale yalikuwa yamechakaa, plastiki imejaa vitundu, ilibidi yatengenezwe mapya. Masharti yote aliyakubali isipokuwa la kwanza. Alitutazama wote wawili akasema, "Nikiyatoa usiku, ndiyo nakuwa nimefiwa." Daktari Upendo alimshika mkono. Mimi nikamwambia bakuli la kulowekea aliweke chini ya ile picha ya ukutani. Sijui kama hiyo ni tiba. Aliinamisha kichwa akawaza, akasema hilo analiweza.

Utando ukatoka na haukurudi. Paa la kinywa likawa la waridi. Akaanza kula, mwili ukarejea. Kwa upande wa hospitali kesi ilikuwa imefungwa, na watu wa hospitali hupenda sana kesi iliyofungwa.

Mgahawa ulikuwa tupu. Nilipita siku moja nikamkuta amekaa peke yake na sufuria zilizofunikwa, hata wale wanafunzi wawili wameondoka. Akaniambia amepika robo ya alivyokuwa akipika na bado atakula mwenyewe mpaka kesho. Mwisho wa mwezi anazima moto, anarudi Pangani kwa wadogo zake.

"Daktari," akasema, "wewe ndiye uliyenipima. Simama hapo nje uwaambie. Neno moja tu. Mimi mwenye siri nishakuruhusu."

Nilitamani sana kusema. Lakini nilimfikiria mama mwingine wa chakula, mwaka mwingine, ambaye jibu lake litakuwa baya na watu watakuja kuniuliza, nami nitakuwa kimya. Nikamwambia siwezi. Nikamwambia na sababu. Alinisikiliza, akajifuta uso kwa mtandio, akasema, "Haya, mwanangu. Kazi yako."

Nilirudi maabara na sikula mchana ule. Kesho yake, wakati wa chakula, kanuni ya kuacha koti jeupe maabara niliivunja nusu. Nilivaa lingine safi lililokuwa limepigwa pasi, nikavuka barabara nikiwa nalo, nikaingia kwa Bi Salha. Meza za ndani zilikuwa wazi zote. Nikabeba kiti mpaka nje, nikavuta meza ile iliyo karibu kabisa na barabara, upande wa stendi, nikakaa nikiwatazama wapita njia. Nikaagiza wali na kuku. Ulipokuja nikaomba kachumbari, ambayo haipikwi, nikala na hiyo yote. Sikusema neno na mtu. Watu wanaonifahamu walipita wakanisalimia, shikamoo mzee, marahaba, wakaitazama sahani, wakanitazama mimi. Mji mzima unajua kwamba hakuna jibu linalotoka hospitali ile bila kupita mikononi mwangu. Nikaomba na juisi.

Kesho yake nikaenda tena, nikamkuta dereva mmoja wa vitunguu amekaa meza ya pili, anajifanya anaangalia simu. Keshokutwa Daktari Upendo alikuja na wauguzi wake. Neema, wewe ulikuja na kusema umekuja kwa ajili ya nazi tu. Mwezi ulipoisha moto ulikuwa unawaka, na wale wanafunzi walirudi kula kwa mkopo.

Nilidhani nimemzunguka Mzee Msengi kwa akili. Haikuchukua muda mama mmoja wa supu, ng'ambo ya soko, akanisimamisha akaniuliza kwa nini sili kwake, kwani yeye ana nini. Nikalazimika kwenda kunywa supu. Yule wa mihogo akanyamaza lakini akaninunia, nikaenda kula mihogo. Wiki zile nilikula kwa zamu soko zima, nikanenepa, mke wangu akaacha kunipikia chakula cha jioni. Nilikuwa nimekuwa kipimo. Siku nilipokwenda Kinyangiri kumsalimia Mzee Msengi nilimsimulia yote. Alicheka kwa ile sauti yake ndogo mpaka akakohoa, akasema, "Hango, sasa wewe usiugue."

Meno mapya ya Bi Salha yalitengenezwa na fundi yuleyule, ambaye sasa amezeeka na macho yameanza kumsumbua. Alimuuliza kama safari hii anataka meupe, maana mwenye kufananishwa naye hayupo. Bi Salha alishusha ile picha ukutani akaenda nayo.

Nimestaafu mwaka huu. Nilipewa saa ya ukutani na hotuba ndefu, na chakula cha siku ile alipika Bi Salha, akaja kunikumbusha mwenyewe nisiache kwenda kula. Nimeendelea kwenda mchana wa kila siku, bila koti. Mwezi uliopita nikapata mafua makali nikabaki nyumbani. Jua halijageuka vizuri nikasikia bajaji imesimama nje. Bi Salha akashuka na chombo cha chakula amekipakata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Una nini?"

"Mafua tu."

"Mafua," akasema. "Pale kwangu washaniuliza watatu, daktari kaacha kuja, kulikoni." Akakitazama kile kiti changu cha ndani, akakibeba mwenyewe mpaka barazani, akakigeuza kikaelekea barabarani. Akafunua chombo, akaninawisha mikono, akakaa kando yangu akiwachekea wapita njia kwa yale meno ya mume wake.

"Kula, mwanangu," akasema. "Watu wanapita."

Pua zilikuwa zimeziba, sikusikia ladha ya kitu chochote. Nilikula nikamaliza.